Soga, Utani na Kimya: Tafakuri juu ya Mazungumzo ya Marafiki katika Eldoret

Katika uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili, mazungumzo yamekuwa kama mgeni aliyekaribishwa ukumbini kisha asipewe kiti. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 iliyotoka katika jarida la Mulika, aliyahesabu kuwa utanzu kamili, sambamba na masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Vitabu vya kufundishia vimeurudia mpango huo kwa uaminifu, vikataja soga na malumbano ya utani miongoni mwa vipera vyake. Hata hivyo, wahakiki wengi wamekimbilia ngano, vitendawili na tenzi, yaani tungo zenye mwanzo na mwisho unaoonekana. Soga haina mwanzo. Huanza mtu anapovuta kigoda, na huisha mvua inapotishia. Haina fanani mmoja wala hadhira iliyotulia, kwa kuwa anayesikiliza sasa ndiye atakayesema punde. Labda ndiyo sababu imeachwa. Lakini katika nchi ambayo watu wake huishi pamoja kwa lugha wasiyozaliwa nayo wote, huenda soga ndiyo tungo ya Kiswahili inayotungwa mara nyingi zaidi kuliko nyingine yoyote.

Eldoret ni mahali pafaapo kwa kuanzia. Makazi haya yalianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64 la walowezi, na hadi leo wenyeji huyaita Sisibo, tamko la Kiingereza la nambari hiyo likiwa limelainishwa na ndimi za Kiafrika. Reli ilifika mwaka 1924, Chuo Kikuu cha Moi kikaasisiwa mwaka 1984 huko Kesses, na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikapewa hadhi ya jiji. Katika kibanda kimoja cha chai, kila Jumamosi, hukutana marafiki wanne: mwalimu wa shule ya upili ambaye ni Mluhya, fundi cherehani ambaye ni Mkikuyu, mkimbiaji mstaafu ambaye ni Mnandi, na karani wa duka la dawa ambaye ni Mluo. Mambo wanayoyazungumza ni yale yale ya kila kibanda: mpira, mbio, muziki, siasa. Linalostahili kutazamwa na mhakiki ni mpangilio wake. Mpira hutangulia daima, na siasa haiingii mpaka vikombe vimekwisha.

Utani wa kuazima

Wasomi wa jadi za Tanzania wameeleza kwa mapana jinsi utani ulivyounganisha makabila kama Wanyamwezi na Wazaramo, na jinsi mtani alivyoruhusiwa kutamka msibani neno ambalo angelitamka mtu mwingine angepigwa. Hata Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, si maadui. Inasemekana kwamba utani mwingi wa namna hiyo ulizaliwa na vita au ushindani wa zamani. Yaani ugomvi ulikwisha, ukabaki mzaha. Katika nyanda za Uasin Gishu mambo hayakwenda hivyo. Jamii nyingi zilikutana juu ya ardhi iliyoporwa na walowezi, ikagawanywa upya kuelekea uhuru wa mwaka 1963 na baada yake, na madai juu yake hayakupata kuzikwa. Utani hutaka kaburi la ugomvi ili uchezee juu yake. Hapa kaburi halijachimbwa.

Kwa hiyo marafiki hawa wameazima utani kutoka mbali. Fundi ni shabiki wa Arsenal, mwalimu ni wa Manchester United. Mwaka 2023 Arsenal ilipoongoza ligi kwa miezi mingi, kisha Manchester City wakalibeba kombe, mwalimu alifika kibandani akiwa na maneno tayari.

“Fundi, nyinyi mnapima suti vizuri sana. Mkifika kwenye vifungo, uzi unakatika.”

“Mwalimu,” akajibu fundi bila kuinua macho, “heri suti isiyo na vifungo kuliko kuvaa koti la marehemu babu.”

Wakacheka wote wanne, akiwemo karani asiye na timu. Msomaji na alitazame neno moja tu katika malumbano hayo: “nyinyi”. Katika Eldoret, kiwakilishi hiki ni kizito kuliko matusi. “Nyinyi” na mwenzake “watu wenu” ni maneno ambayo rafiki hamwambii rafiki katika mwaka wa uchaguzi, kwa kuwa humtoa mtu katika urafiki na kumrudisha katika kabila. Mpira wa Uingereza umewapa marafiki hawa mahali pa kulitamka bila kujeruhiana. Mashabiki wa Arsenal ni kabila la hiari. Halina ardhi, halina mpaka, wala halipigi kura. Kwa sababu hiyo linaweza kutukanwa mchana kutwa na jioni mtu akamkopesha mtani wake nauli. Mhakiki anayeyaita mazungumzo haya porojo za vijiweni hajatambua kazi yanayoifanya.

Mweka kasi

Riadha, ambayo ndiyo fahari ya Eldoret, haiingii katika utani. Hapa mtindo hubadilika. Soga hugeuka kuwa sifa, na mkimbiaji mstaafu hushika zamu ya fanani. Kisa anachokirudia kuliko vyote ni cha Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, Kipchoge Keino alipomshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Inasimuliwa kwamba siku ile Keino, akiwa mgonjwa wa nyongo, alikwama katika msongamano wa magari, akashuka na kukimbia hadi uwanjani. Umbali huo huongezeka au kupungua kutegemea msimulizi na hadhira yake, na hilo halipaswi kumkera msomi wa fasihi simulizi. Ndiyo tabia ya visakale.

Ila mkimbiaji huyu mstaafu hamalizi kisa na Keino. Humwendea Ben Jipcho. Ni Jipcho aliyeongoza mzunguko wa kwanza kwa kasi ya sekunde zipatazo 56 ili kumvuruga Ryun, akijua kwamba atajichosha na hatapata nishani. Alimaliza wa kumi. Keino aliondoka na dhahabu, na uwanja wa Eldoret una jina lake. Jipcho, ambaye baadaye alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972, alifariki Julai 2020. Mwaka 2019 pale Vienna, Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, waweka kasi walikuwa 41, wakipokezana kumkinga upepo. Wangapi wanakumbukwa majina? Fasihi inamjua shujaa na inamjua adui wa shujaa. Haijampa jina la kudumu mtu anayekimbia mbele ya mwenzake ili asishinde yeye. Mkimbiaji mstaafu, ambaye katika ujana wake alifanya kazi hiyo kwa malipo, humwita “rafiki” tu, na kuendelea kunywa chai.

Neno lisilo na yambwa

Siasa huja mwisho, na huja kwa kimya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua watu 1,133 nchini, kwa mujibu wa Tume ya Waki. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Siku moja kabla ya hapo aliuawa Lucas Sang, mkimbiaji aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Kwa hiyo hata riadha, ambayo husemwa kuwa haina kabila, ilikuwa na maiti yake katika wiki ile.

Fundi alihama na jamaa yake kwenda Nakuru. Nyumba yake iliteketea. Cherehani yake haikuteketea, kwa sababu mkimbiaji aliichukua usiku na kuificha katika ghala la mahindi. Fundi aliporejea mwaka 2009, mkimbiaji alimpeleka ghalani, akaondoa magunia, akasema neno moja: “Nilikuwekea.” Fundi akaipangusa vumbi, akajaribu gurudumu lake, kisha akauliza, “Jana mpira ulikuwa ngapi?”

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyowahi kuyafanya juu ya mwezi ule. Sarufi ya neno hilo inastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea, kikabeba mtenda, wakati uliopita na mtendewa. Lakini kitu kilichowekwa hakikutajwa. “Nilikuwekea” nini? Cherehani, bila shaka. Lakini pia ufa uliobaki wazi: nafasi katika kibanda, haki ya kurudi. Na kitu kingine nacho hakikutajwa kamwe, yaani ni nani waliochoma nyumba, na kama mwenye ghala aliwajua. Fundi hakuuliza. Swali lake kuhusu mpira halikuwa la kupotezea wakati. Lilikuwa njia ya kukubali kilichotolewa bila kudai ambacho hakikutolewa.

Je, kimya hicho ni busara au ni deni? Hapa ndipo uhakiki unapolazimika kuchukua msimamo. Kithaka wa Mberia, katika tamthilia yake Maua kwenye Jua la Asubuhi (2004), alizisemesha jamii zinazochinjana juu ya jukwaa, kwa sababu jukwaa huruhusu yasemwe mbele ya wote yale ambayo jirani hawezi kumwambia jirani. Sheria nayo ilijaribu. Kesi iliyofunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague dhidi ya William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang ilianza kusikilizwa Septemba 2013, ikakatizwa tarehe 5 Aprili 2016 bila hukumu ya hatia wala ya kuachiliwa huru. Baada ya tamthilia na mahakama, kazi iliyobaki imeachiwa soga, na soga imeifanya kwa njia pekee inayoijua: kwa kuzunguka. Kimya cha marafiki kimeulinda urafiki; hakikuilipa nyumba. Mwenye kukisifu na akumbuke mambo yote mawili.

Wimbo wa lugha ya jirani

Kati ya mpira na siasa kuna muziki, na huu haukuazimwa Ulaya. Mwenye kibanda hupiga nyimbo za kienyeji zilizorekodiwa na wasanii wanaojigharimia wenyewe studio na kujisambazia kazi sokoni. Uhuru huu si mpya. Chandarana ya Kericho, lebo iliyoanzia dukani, ilirekodi Wakipsigis, Waluo, Waluhya na Wakisii bila kungoja kampuni kubwa za Nairobi, na gitaa la benga, lililokulia katika nchi ya Waluo, likaimba Kikalenjin mikononi mwa watu kama Kipchamba arap Tapotuk. Karani humtambua mpiga gitaa kabla ya kuitambua lugha. “Huyu ni wetu,” husema, na mkimbiaji humjibu, “Mdomo ni wetu, vidole ni vyenu.” Ni mara chache “vyenu” kusikika kama shukrani.

Tukio kongwe zaidi latoka huko huko kusini. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya “Chemirocha”. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefahamika kwa santuri za gramafoni, ambaye masikio ya wasikilizaji wake yalikuwa yamemgeuza kiumbe nusu mtu, nusu swala. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa kijijini. Wanaolisimulia tukio hili kama kichekesho cha ujinga hawajalielewa. Wasichana wale walisikia sauti ya mgeni wasiyeijua lugha yake, na badala ya kuikataa waliitungia mwili na kuipa jina lenye umbo la kikwao. Fundi hufanya vivyo hivyo anaposhona huku akivumisha wimbo wa Kinandi ambao hajui neno lake hata moja. Katika mwaka wa uchaguzi, kusikiliza namna hiyo si jambo dogo.

Vijana wanaoketi benchi la nyuma la kibanda hicho hicho wana mtindo mwingine. Mnamo Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipofika Eldoret, iliyo katika kaunti anakotoka Rais, walijiita watu wasio na kabila na kusema kwa sauti mambo ambayo wazee wao hunong'ona. Hawakuhitaji Arsenal ili wapate kutaniana. Mkimbiaji aliwasikiliza kwa hofu, fundi kwa wivu kidogo.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wameambiwa mara nyingi waende vijijini kuzikusanya ngano kabla wazee hawajafa. Ushauri huo ni mwema, ila ngano ina watunzaji wake. Soga ya Eldoret haina. Anayetaka kuirekodi atahitaji kalamu kwa yanayosemwa na uvumilivu kwa yasiyosemwa, na atalazimika kurudi mara nyingi, katika miaka ya uchaguzi na katika miaka isiyo na uchaguzi, ili aone ni lini “nyinyi” huondoka katika mpira na kuingia kwenye ardhi. Tofauti ya wakati huo haipatikani katika matokeo ya kura wala katika ripoti za tume. Imo katika kiwakilishi, nacho husikika na aliyeketi karibu tu.