Mi napenda gita ya vidole viwili



Kila siku ya Posho jioni, kiisha kula, mabishano ya interna ni moja tu: muziki. Huyu anafungua telefone na kuweka Fally Ipupa. Yule anasema hapana, weka hip-hop. Wa upande wa dirisha wanataka bongo fleva ya Tanzania, sababu maneno yake wanayasikia. Na ndugu wa kwaya wanasema kwa mkristo nyimbo za Mungu zinatosha. Kila mtu anamcheka mwenzake, na kengele ya kulala inalia mbele ya mtu hata mmoja kueleza kwa nini anapenda kile anachopenda. Basi mi nasema yangu hapa, maana kwenye karatasi hakuna mtu wa kunikata neno.

Mi napenda gita ya Mwenda Jean-Bosco. Wengi wenu hamumjui, lakini ni mtu wa kwetu kabisa. Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, akafanya kazi Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyetoka Afrika ya Kusini kutafuta miziki ya Afrika na kuirekodi, alimkuta pale mjini akipiga gita, akarekodi wimbo wake "Masanga". Tangu pale jina lake likasafiri, likafika hata Kenya. Alikufa mwaka 1990 kwa aksida ya motokari.

Kwa nini ninampenda? Ni juu ya kazi ya mkono wake wa kuume. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kile cha kuonyeshea. Gumba linashika nyuzi nene, linatembea sawa na mtu anayekwenda shamba bila haraka. Kile kingine kinaimba juu yake: kinatangulia, kinachelewa, kinarudi. Ukisikia mara ya kwanza utasema hawa ni watu wawili. Sikiliza tena mara tatu. Kwanza fuata gumba peke yake, kiisha fuata kidole cha pili, halafu vyote pamoja. Mi nilifanya hivyo, na tangu siku ile hata rumba ninaisikia vingine: ninatafuta gita ya bass inasema nini, na gita ya solo inajibu nini.

Wenzangu wananipa mashitaka mawili. La kwanza ni jepesi: "We, iyi ni muziki ya bankambo!" Ndiyo, ni ya bankambo. Lakini nyimbo nyingi tunazoimba kila asubuhi mbele ya masomo zilitungwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1800, na sijasikia mtu akizicheka kwa uzee wao.

La pili ni zito: "Gita ni ya bare, ni ya pombe." Neno hili ninalijua toka nyumbani. Nkambo yangu, baba ya mama, alikuwa kijana katika miaka ya 1960, na alipiga gita namna hii hii. Wazee wa kanisa lake wakamwambia achague: gita ao meza ya Bwana. Akachagua meza ya Bwana, gita akampa jirani. Sijamsikia hata siku moja akisema vibaya juu ya wale wazee, maana walikuwa wameona vijana wengi wakimaliza mshahara mu bare na watoto wakilala njaa. Lakini akikaa jioni mbele ya nyumba, vidole viwili vya mkono wake wa kuume vinatembea juu ya goti, gumba chini, kile kingine juu. Anafikiri hakuna anayeona. Mi najiuliza: gita njo ilipashwa kutoka, ao pombe tu?

Historia ya kanisa inaweza kutusaidia. Siku ya kukumbuka mateso ya Yesu, Waprotestanti wengi wa dunia wanaimba wimbo juu ya kichwa chake kilichovikwa miiba. Sauti ya wimbo ule ilitungwa na Hans Leo Hassler wa Ujerumani, ikatoka mu kitabu mwaka 1601, na maneno yake ya kwanza yalikuwa ya mtu anayesumbuliwa na mapendo ya msichana! Nyuma yake Paul Gerhardt akaiandikia maneno ya mateso, na Johann Sebastian Bach akaitumia katika muziki wake mkubwa wa kanisa. Martin Luther mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi ambacho ni ndugu ya gita. Na karibu nasi, kule Kamina, padri Guido Haazen na kwaya yake waliimba misa kwa ngoma na sauti za huku. Ikaitwa Missa Luba, na mwaka 1958 kwaya ile ilifika Ulaya.

Hata rumba, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa watu, ilikua kwa diski za Kuba, na miziki ya Kuba ilitoka sehemu kwa watumwa waliochukuliwa huku kwetu Afrika. Sauti inasafiri bila kuombwa karatasi.

Sisemi kila wimbo ni mzuri. Zile za kutukana wanawake ninazima. Zile za mabanga, dakika tano za majina ya matajiri na dakika moja ya muziki, zinanichosha. Lakini hata kwaya inayoimba maneno matakatifu bila kufanya repetisyo haimpi Mungu heshima.

Kwaya yetu inatafuta mpiga gita. Kati yetu wako wanaojua kupiga, mi najua zaidi ya mmoja, lakini wananyamaza sababu wanaogopa kuulizwa walijifunzia wapi. Ombi langu kwa viongozi wa kwaya na walimu ni hili: musiwaulize walijifunzia wapi, waulizeni kama watafika kwa repetisyo kila juma. Nanyi ndugu wa interna, siku ya Posho kila mtu alete wimbo mmoja tu, na aseme sababu yake. Atakayekosa sababu, anyamaze asikilize ya mwenzake.

Mi nitaleta "Masanga". Musicheke mbele ya kuhesabu vidole.

Mwanafunzi wa klasi ya mwisho, interna ya wavulana