Tiki ya Siku 14

Pale ofisini iliaminika kwa miaka mingi kwamba barua pepe za karibu miaka miwili zilipotea kwa sababu mama wa masijala alizifuta. Hakuzifuta. Nilizipoteza mimi. Nililijua hilo siku ileile, nikanyamaza.

Ilikuwa 2014. Mwezi Aprili Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP, na kompyuta ya mama, aliyozoea kusomea barua kwa Outlook Express, ikapelekwa stoo. Mpya ilikuja na Windows 7, ambayo haina programu yake ya barua pepe. Bosi akaniachia mimi kazi ya kuchagua. Nikachora jedwali la ukurasa mzima, Outlook huku, Thunderbird kule, kila kipengele na alama zake.

Jedwali lile nililipenda mno. Nilieleza kwamba kwenye Outlook ukibonyeza Ctrl na F hutafuti kitu: unafungua dirisha la kumpelekea mtu mwingine barua uliyonayo. Aliyezoea programu nyingine anaweza kuanza kuandika jina analolitafuta, kumbe anajaza anwani ya mpokeaji. Kwa ofisi inayotunza barua za watu, hilo niliona ni hatari, na bado naona hivyo. Bei nayo ilikuwa upande wa Thunderbird, maana ni ya bure.

Kilichonikamata hasa ni kitu kidogo kilichofichwa ndani ya mipangilio ya uandishi. Thunderbird inasoma unachoandika, na ikikuta neno linaloashiria kiambatisho wakati hujaambatisha chochote, inakukumbusha. Orodha ya maneno hayo ni ya Kiingereza, lakini unaruhusiwa kuongeza ya kwako. Nikaongeza "kiambatisho" na "nimeambatanisha". Siku ya kwanza mama alipoandika "nimeambatanisha taarifa ya mwezi" bila kuweka taarifa yenyewe, utepe wa manjano ukachomoza chini ya dirisha. Akauangalia, akanigeukia.

"Kumbe inajua Kiswahili, mwanangu?"

Nilijiona fundi. Halafu akauliza swali la pili, ambalo mtu wa masijala lazima aulize.

"Na barua zenyewe zinakaa wapi?"

Mama huyu alianza kazi enzi za majalada ya karatasi. Kwake barua haikuwahi kuwa "ipo tu". Ilikuwa na jalada, jalada lina rafu, na likitoka linasainiwa. Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mama, zipo kwenye seva." Sikuwa nimeangalia. Kwenye jedwali langu hapakuwa na mstari wa swali hilo.

Akaunti yake niliiunganisha kwa POP. Sababu ilikuwa ya kweli: tulitumia modemu na bando, mtandao ukikatika mara kwa mara, nami nilitaka barua zishuke zote asome hata bila mtandao. POP ilitoka 1984, na kazi yake ni hiyo, kwenda kwenye seva, kuchukua barua, kuondoka. IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva na kompyuta ikalingana nayo. Nilidhani IMAP ingemnyima mama kusoma bila mtandao. Sivyo. Ndani ya Thunderbird kuna ukurasa wa ulinganishaji na uhifadhi ambako unaiagiza ihifadhi nakala ya barua zote za akaunti kwenye kompyuta. Angepata vyote viwili, nakala hapa na asili kule. Ukurasa huo sikuufungua, kwa kuwa nilishajiona naijua programu nzima.

Mapema 2016 diski ya ile kompyuta ikaanza kugonga, na baada ya siku mbili haikuwaka tena. Sikuhofu. Nikaketi kwenye kompyuta nyingine, nikaingia kwenye akaunti kupitia kivinjari. Barua zilikuwa chache. Nikashuka hadi ya mwisho, nikasoma tarehe yake, nikahesabu kwa vidole. Wiki mbili kamili.

Nikaifungua akaunti upya kwenye Thunderbird na kwenda kwenye mipangilio ya seva. Kisanduku cha kwanza kilisema barua ziachwe kwenye seva, kina tiki. Chini yake kingine kimeandikwa zisizidi siku 14, nacho kina tiki. Vilikuwa hivyo tangu programu ilipotoka kwa watengenezaji, mbele ya macho ya yeyote anayefungua ukurasa huo. Kutoa tiki ile ni kubofya mara moja. Na nakala ya pembeni, ambayo ni wajibu wa fundi yeyote, sikuwahi kutengeneza.

Bosi alimuuliza mama mbele yangu kama alikuwa na kawaida ya kufuta. Akasema ndiyo, matangazo huwa anayafuta. "Labda nilipitiliza," akasema, huku akinitazama ili fundi amsaidie. Nikaangalia kibodi.

Kati ya barua zilizopotea kulikuwa na makubaliano ya bei na muuzaji wa karatasi. Ofisi ililipa bei ya juu. Mama akapewa barua ya onyo, ikaingia kwenye jalada lake la utumishi, jalada ambalo miaka yote lilikuwa safi. Aliendelea kuniita mwanangu na kunipigia hodi kila programu ikimsumbua. Nami nikazidi kumsalimia kwa heshima kuliko zamani, kana kwamba shikamoo ingelipa deni.

Alistaafu 2019. Nilimfuata kwake miaka miwili baadaye, nikamweleza yote: POP, siku 14, kibodi niliyoiangalia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama barua ile ya onyo bado imo kwenye jalada.

Nikasema imo.

"Basi nenda kaandike, na usaini."

Niliandika Jumatatu, ukurasa mmoja na nusu, kwa jina langu. Onyo halikuondolewa, kwa kuwa karatasi iliyokwisha kuingia jaladani haichomolewi. Barua yangu imefungwa kwenye jalada hilo, juu yake, na nakala yenye mhuri nilimpelekea mama mwenyewe, mkononi.