Kutakata na Kujichubua

Uso wa mtu ni barua isomwayo na kila apitaye njiani, na mwenye barua hana uwezo wa kuifunga. Kwa sababu hiyo doa dogo lililo usoni humsumbua mwanadamu kuliko kovu kubwa lililositirika chini ya nguo. Nasema haya kwa kujua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba wakati tetekuwanga ilipopita mwilini mwangu, ikaniachia madoa meusi katika paji la uso na mashavuni. Ugonjwa wenyewe ulikwisha katika majuma mawili. Aibu yake ilidumu mwaka mzima. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi nilivyotafuta dawa ya madoa yale, jinsi nilivyoumia, na nilivyojifunza baadaye juu ya kazi ya dawa za asili katika ngozi ya binadamu. Sisemi kama mganga. Nasema kama mtu ambaye ngozi yake ilikuwa chuo chake, na ada ya chuo hicho ilikuwa kubwa.

Bibi yangu, Mola amrehemu, alikaa Tanga, na katika ukumbi wa nyumba yake palikuwa na jiwe bapa la kusugulia liwa. Alitia matone ya marashi juu ya jiwe, akakisugua kipande cha liwa pole pole mpaka ukapatikana uji mzito wenye harufu njema. Uji huo alijipaka usoni baada ya sala ya adhuhuri, akauacha ukauke, akauosha jua lilipopunga. Siku za arusi jiwe lile halikupata kupumzika. Makungwi walitengeneza singo ya liwa, manjano na maua yaliyokaushwa, wakamsugua bibi arusi mwili mzima mpaka ngozi yake ikang'aa kama shaba iliyopigwa msasa. Nakumbuka vema kwamba hakuna bibi arusi aliyetoka katika chumba kile akiwa mweupe kuliko alivyoingia. Aliingia mweusi, akatoka mweusi. Lakini alitoka ametakata.

Nilipomwendea bibi na madoa yangu alicheka, akaniita kwa utani wake wa siku zote. "Mume wangu, unataka kumwoa nani hata ukawa na haraka hivi? Paka liwa, kaa kivulini, na usiyakune. Yatakwenda kwa miguu yake."

"Kwa muda gani, bibi?"

"Mpaka yatakapokwenda."

Jibu hilo halikuniridhisha. Ujana hauna subira, na shuleni nilikuwa na rafiki aliyesema kwamba ndimu hufuta doa lolote kama inavyofuta doa la kutu katika shati. Maneno yalionekana kuwa na akili. Jumamosi moja asubuhi nilikata ndimu tatu, nikajisugua uso kwa maji yake na maganda yake, kisha nikaenda pwani kucheza mpira mpaka adhuhuri. Siku ile niliona mwasho tu. Siku ya pili uso uliwaka kama uliomwagiwa maji ya moto, na siku ya tatu malengelenge yakatoka. Yalipokauka, yaliacha michirizi myeusi iliyofuata kila njia ambayo maji ya ndimu yalipita: toka shavuni mpaka shingoni, na katika vidole nilivyokamulia. Nilikuwa na madoa. Sasa nilikuwa na madoa na michirizi. Bibi alinitazama kwa muda mrefu bila ya kucheka, kisha akasema, "Ndimu ni ya samaki, mume wangu, na samaki huwa amekwisha kufa."

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kilichonipata. Katika ndimu, hasa katika ganda lake, mna vitu viitwavyo furokumarini. Vitu hivyo vikikaa juu ya ngozi kivulini havifanyi makuu, lakini vikipigwa na jua hugeuka kuwa moto. Huunguza, na baada ya kuunguza huacha weusi unaoweza kukaa majuma au miezi. Rafiki yangu hakuwa mwongo kamili, maana ndimu ina vitamini C, na vitamini C ni mojawapo ya dawa za madoa. Lakini kosa lake lilikuwa kubwa: aliifikiri ngozi kuwa shati, na alilifikiri doa kuwa uchafu.

Doa si uchafu. Ngozi ya juu imepangwa kwa tabaka kama makuti ya paa. Chini kabisa ya tabaka hizo wamekaa mafundi wa rangi, seli ziitwazo melanositi. Idadi ya mafundi hao katika mtu mweusi na mtu mweupe ni karibu sawa. Tofauti ya watu iko katika kazi yao, si katika wingi wao. Fundi mmoja huhudumia seli jirani zipatazo 36. Hutengeneza rangi iitwayo melanini, akaifunga katika vifurushi vidogo mno, akaigawa kwa jirani zake. Na kila jirani huiweka rangi yake juu ya kiini cha seli, mfano wa mwavuli, ili jua lisikiharibu. Ngozi ikijeruhiwa na upele, chunusi, moto au jua, mafundi hushtuka wakafanya kazi kupita kiasi. Doa jeusi basi ni mwavuli uliofunguliwa wakati wa dhoruba, ukasahauliwa kufungwa mvua ilipokwisha. Nilipoyasoma haya mara ya kwanza niliona haya mbele ya ngozi yangu mwenyewe, kwa kuwa niliichukia kwa jambo ililolitenda kwa kunilinda.

Kama doa si uchafu, haliwezi kuoshwa. Linalowezekana ni kumtuliza fundi, kisha kungoja. Hapo ndipo dawa nyingi za asili zinapofanya kazi. Fundi wa rangi hawezi kuanza kazi yake bila ya chombo kimoja, kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, na ndani ya chombo hicho mna chembe za shaba ambazo bila yazo hakikati wala hakichongi. Mwaka 1907 Mjapani Kendo Saito alipata asidi ya koji kutoka katika kuvu ambayo watu wa Japani huitumia kuchachisha wali. Asidi hiyo huikamata shaba ya kimeng'enya, na fundi akawa kama seremala aliyenyang'anywa makali ya randa yake. Mzizi wa urukususu una glabridini, ambayo nayo humzuia fundi katika chombo hicho hicho. Vitamini C hufanya kazi kwa njia nyingine: huirudisha rangi nyuma kabla haijaiva. Niasinamaidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, haimzuii fundi kufanya kazi, lakini huzuia vifurushi vyake visiwafikie majirani. Na manjano ya makungwi? Yana kurkumini, ambayo katika maabara imeonekana kumpunguzia fundi kazi, ingawa kiasi kinachopenya ndani ya ngozi ni kidogo. Sikusudii kumfanya bibi kuwa mwanasayansi. Nasema tu kwamba mkono wake haukuwa mbali sana na mlango.

Lakini jambo alilolijua bibi kuliko wote ni muda. Seli izaliwayo chini ya ngozi huchukua kadiri ya majuma manne kupanda mpaka juu, ikakauka, ikapukutika. Dawa iliyomtuliza fundi leo haigusi rangi iliyokwisha gawanywa jana. Rangi hiyo sharti ipande na seli zake mpaka ianguke nazo. Ndiyo maana doa huhitaji miezi, wala si siku. Tena yapo madoa ambayo rangi yake imezama chini ya tabaka za juu, yakawa na sura ya majivu au buluu. Hayo hayafikiwi kwa urahisi na dawa ya kupaka, na huweza kukaa miaka. Na katika muda wote huo, fundi aliyetulizwa usiku huamshwa tena na jua la mchana. Kivuli si nyongeza ya dawa. Kivuli ni nusu ya dawa. Wanawake wa Komoro wanajua hivyo. Hujipaka msindzano, uji wa msandali, uso mzima wakatoka nao mchana, wala hakuna anayewashangaa. Bibi alipokaa ukumbini na liwa yake iliyokauka, alikuwa amejitundikia pazia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito. Dada yangu mkubwa, baada ya kujifungua mtoto wa pili, alitokewa na mabaka mashavuni, ambayo uja uzito huwaletea wanawake wengi. Bibi alikuwa amekwisha fariki, na jiwe lake lilikaa uvunguni. Dada alinunua mkorogo kwa mchuuzi mmoja, katika kopo lisilokuwa na jina. Katika miezi mitatu mabaka yalitoweka, na pamoja na mabaka ukatoweka weusi wake wote wa uso. Watu walimsifu. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Niliyeunguzwa na ndimu, niliyesoma vitabu juu ya mafundi wa rangi, nilimwambia dada yangu kwamba amependeza. Neno lile limenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu alilipokea kwa furaha, akanunua kopo jingine.

Baada ya miaka michache, weusi ulirudi kwa sura isiyokuwa yake. Juu ya mifupa ya mashavu, mahali alipopaka zaidi, palitokea rangi ya buluu nyeusi yenye vipele vidogo vigumu, na kadiri ilivyozidi ndivyo alivyozidi kupaka, akidhani ni mabaka ya zamani. Daktari alimtazama akaijua dalili mara moja. Huenda ugonjwa huo ukaletwa na haidrokwinoni inayotumiwa kwa nguvu na kwa muda mrefu; mganga G. H. Findlay na wenzake waliueleza Afrika Kusini mwaka 1975, walipouona katika nyuso za watu waliotumia mafuta ya kujichubua. Nilimshukuru Mungu kwamba kopo halikuwa na zebaki, ambayo hupita katika ngozi ikaenda kuharibu figo. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wazima wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mafuta ya kung'arisha ngozi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulianza kuvibana vipodozi vya namna hiyo, na mwaka 2023 mataifa ya mkataba yakakubaliana kuviondoa vyote ifikapo mwaka 2025. Sheria ni njema, lakini kopo lisilo na jina halisomi sheria.

Mtu ataweza kusema kwamba shauri ni jepesi: tutumie vya asili, tuache vya viwandani. Laiti ingekuwa hivyo. Ndimu iliyoniunguza ilitoka mtini, na zebaki nayo hutoka ardhini. Na katika majani ya kichaka kimoja cha nchi za baridi za kaskazini mna arbutini, dawa ya asili inayosifiwa kwa upole wake. Lakini arbutini si kitu kingine ila haidrokwinoni iliyofungwa pamoja na sukari. Rafiki na adui ni watoto wa nyumba moja. Hata haidrokwinoni yenyewe ikiwa mkononi mwa daktari, kwa kipimo na kwa muda mfupi, ni dawa ya haki. Linalopambanua dawa na sumu ni kiasi, muda, na nia.

Juu ya nia, naona kwamba lugha yetu ilitoa hukumu zamani. Tunayo maneno mawili ambayo mwenye haraka huyachanganya. Kutakata ni kuwa safi katika rangi yako mwenyewe, kama mbingu zinavyotakata mawingu yakipita. Kujichubua ni kuliondoa ganda, kama mtu anavyochubua gome la mti, na mti uliochubuliwa hauitwi mweupe, huitwa mti uliojeruhiwa. Anayetaka doa lifanane na ngozi iliyolizunguka anatafuta kutakata. Kwake ngozi ni kipimo, na doa ndilo linalopotea. Anayetaka ngozi yote ifanane na kitu kilicho nje yake anajichubua. Kwake ngozi yenyewe imekuwa doa. Dada yangu alianza katika njia ya kwanza. Sisi tuliomsifu ndio tuliomwonyesha njia ya pili.

Madoa yangu yalikwenda, kama bibi alivyosema, kwa miguu yake, ila moja lililobaki karibu na kipaji. Rangi ya buluu ya dada haijaondoka, na daktari hakumwahidi kwamba itaondoka. Alimwambia aache kila kitu, apake mafuta ya kukinga jua, na ajisitiri na mchana. Siku moja nilimkuta amelitoa jiwe uvunguni, amekaa ukumbini, anasugua liwa. Aliniuliza bila ya kuinua macho, "Itasaidia?"

Nilitaka kumpa neno tamu, nikakumbuka neno tamu nililompa mara ya kwanza. Nikasema, "Haitalifuta. Itakukinga."

Alitia tone jingine la marashi, akaendelea kusugua pole pole. Nilikaa karibu naye mpaka liwa ilipokauka usoni mwake.