Cheti Hakipiti Raundi

Makorora, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako magoti yanamsumbua, lakini sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mama yako kanieleza kwamba unataka kuomba ruhusa ya masomo ukabobee katika ufamasia wa wagonjwa mahututi, na kwamba baba yako hataki kusikia. Yeye keshaona fremu ya duka hapa Makorora, anataka ufungue famasi. Kanipigia simu akilalamika: “Kasoma miaka minne, kamaliza mwaka wa intanshipu, kasajiliwa. Anasoma nini tena? Dawa si ni dawa?”

Shemeji simlaumu. Dawa anaijua ya dirishani: unatoa cheti cha daktari, unapewa pakiti, unaambiwa moja mara tatu. Mimi niliyefanya uuguzi hadi kustaafu nimeiona dawa upande wa pili, kitandani, na huko mambo ni mengine kabisa.

Mgonjwa wa ICU, yaani wodi ya mahututi, hana tumbo la kuaminika wala figo za kuaminika. Jentamaisini iliyomfaa jana, leo figo zikilegea inageuka sumu. Dozi inahesabiwa kwa kilo, na yeye hawezi kusimama kwenye mizani, basi watu wanamkadiria kwa macho. Kidonge kilichotengenezwa kiyeyuke taratibu kutwa nzima kinapondwa kipite kwenye mpira wa puani, na dozi ya kutwa inaingia mara moja. Potasiamu ya kichupa isipozimuliwa husimamisha moyo. Yote hayo yanamkuta mtu mmoja, saa tisa usiku, mwenye mishipa miwili tu inayopitisha na dawa saba zinazogombea kupita.

Usiku mmoja, hospitali siitaji, tulikuwa na mgonjwa wa kifafa kisichokatika. Daktari akaandika fenitoini ya mshipa. Mwenzangu, kwa haraka, akaitia kwenye dripu ya dekstrosi iliyokuwa ikining’inia. Nikaona maji yanaingia ukungu, kisha chembe nyeupe zinateremka kwenye mpira kuelekea mkononi kwa mgonjwa. Tukafunga, tukang’oa, tukaanza upya kwa maji ya chumvi, polepole, macho kwenye presha. Mwenye kujua bila kufungua kitabu kwamba fenitoini haichanganywi na dekstrosi alikuwa mfamasia, naye alikuwa kwake amelala, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake inafika mpaka kitandani.

Kwa hiyo nenda. Ila nakuusia jambo moja lililo kubwa kuliko mengine: chagua wodi kabla ya kuchagua cheti. Popote utakapoomba, uliza kwanza: mfamasia anapita raundi kila asubuhi? Nani atasimama nami kitandani, aniulize kwa nini dozi hii, anikosoe mbele ya chati? Wakikujibu kwa ratiba ya mihadhara tu, endelea kutafuta.

Wenzetu Marekani mafunzo haya wameyapanga hivi: baada ya shahada, mwaka mmoja wa jumla hospitalini chini ya wakufunzi, kisha mwaka wa pili wa ubobezi, na mmoja wa ubobezi huo ni wagonjwa mahututi. Mtihani wa bodi wa fani hiyo ulianza 2015. Lakini ushahidi ulitangulia mtihani. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walichapisha utafiti wa ICU moja ya Massachusetts General Hospital, Boston, ambako mfamasia aliingizwa kwenye raundi ya asubuhi. Madhara ya dawa yanayoepukika yaliyotokana na uandikaji yalipungua kwa asilimia 66. Na katika mapendekezo 366 aliyoyatoa kuhusu uandikaji wa dawa, madaktari waliyakubali 362. Hesabu hiyo mwonyeshe anayekutisha kwamba madaktari hawasikilizi wafamasia. Walimsikiliza kwa kuwa alikuwapo, kila siku, kabla kalamu haijakauka.

Kwetu, Muhimbili wana shahada ya uzamili ya famasi ya hospitali na kliniki, na Nairobi nako wanafundisha famasi ya kliniki. Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, wafamasia wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wamefanya kazi wodini na wenzao Wakenya kwa miaka mingi. Anza na milango hiyo. Ukiambiwa fani yako bado changa hapa nchini, kumbuka tiba ya dharura: mpaka 2010 hatukuwa na mafunzo ya ubobezi wake, Muhimbili ikayaanzisha mwaka huo, na leo daktari bingwa wa dharura hamshangazi mtu. Tena mwaka 2021, katika ule mpango wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3, fedha zilitengwa kujenga ICU na idara za dharura mikoani. Kuta na vitanda vinajengwa kwa miezi. Mtu wa kusimama hapo hupikwa kwa miaka.

Ukishafika, wahi raundi kabla ya daktari na upitie chati za usiku. Kaa vizuri na wauguzi, maana ndio wanaoiona dawa ikiingia. Muulize muuguzi ni mshipa gani umebaki wazi, usimpe amri kutoka mlangoni. Ukimrekebisha daktari, mrekebishe kwa namba na kwa adabu, tena ukiwa na pendekezo mkononi. “Hii si sawa” haimsaidii mtu. “Kreatinini imepanda, tuongeze saa kati ya dozi” inamsaidia.

Watakuja pia watu na bahasha, wakodi cheti chako kitundikwe ukutani kwenye famasi usiyokanyaga. Usithubutu, hata ada ikikubana. Jina lako chini ya dawa ni ahadi kwamba upo. Na kabla ya kusaini mkataba wa ruhusa, usome mpaka mwisho, ujue mshahara wako unakuwaje na unadaiwa kurudi kazini kwa muda gani.

Sharti langu ni moja. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa huu, na mahututi wake ni jirani zetu. Ukihitimu, waombe wakuu wako uje huku.

Ijumaa baada ya swala nitakwenda kwa baba yako. Fremu nitamshauri aipangishe kwa fundi cherehani, kodi yake ikusaidie ada. Wewe andaa barua ya maombi, uniletee nakala niisome kabla hujaituma.

Wasalaam,
Mjomba wako