Jumamosi ya Jirani Yetu

Sisi tunaosimulia haya ni jumuiya ndogo ya Kilutheri upande wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Majirani zetu ni Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu, Wapentekoste na Wasabato. Tunaoleana, tunauguzana, tunazikana. Kwa hiyo tulidhani somo la kupokeana tumeshalimaliza, mpaka jirani mmoja alipotuonyesha kwamba tulikuwa hatujalianza.

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, siku ya kwanza ya Majilio, sehemu ya mlima iliyolowa mvua ilimeguka. Tope likashuka na mawe na magogo hadi mjini Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku ile ibada yetu ilikuwa makoleo. Mkatoliki na Mpentekoste walivuta gogo moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake alibatizwa kwa maji mengi au machache. Jirani yetu, mzee Msabato, alikuwepo tangu asubuhi. Hata Jumamosi iliyofuata, siku yake takatifu, alishinda akiwabebea maji watu waliopoteza nyumba.

Tulisema moyoni: huu ndio umoja wa Kristo. Kisha tope likakauka, na maisha yakarudi yalivyokuwa.

Mwaka uliofuata kitongoji chetu kilianza kuchimba mtaro wa bomba la maji. Kila kaya ilipimiwa hatua zake, na siku ya kazi ikawekwa Jumamosi. Kamati ilikuwa na watu wengi wa kwetu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mzee. Jumamosi ya kwanza hakuja, wala ya pili. Tukamwendea.

"Mzee, mbona Jumamosi ile ya tope ulifanya kazi?" tulimuuliza, tukidhani tumemnasa.

Akajibu taratibu, "Wanangu, ile ilikuwa kumtoa mtu shimoni. Hii ni kuchimba shimo. Nipeni siku nyingine yoyote, nitachimba mara mbili."

Hatukumpa. Tulisema sheria ni ya wote, tukamtoza faini, debe moja la mahindi. Alilileta mwenyewe begani, akalitua, akatuaga kwa heshima. Jumapili iliyofuata, tulipokuwa tukienda kanisani na nguo zetu safi, tukamkuta peke yake mtaroni, anachimba hatua zake. Badala ya kuona aibu, tulikasirika. Tulisema anatudharau, anachafua siku ya Bwana mbele ya watoto wetu.

Ikafika Januari. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 25, Wakristo wa madhehebu mengi duniani huadhimisha Juma la Kuombea Umoja. Tulikuwa tukigawana zamu za kuongoza sala, mama mmoja wa jumuiya yetu akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza," alisema. "Tutaombaje umoja, na debe la yule mzee bado tunalo?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Hatimaye mmoja wetu akafungua Warumi 14, tukasoma polepole kuliko tulivyozoea. Kanisa la Rumi lilikuwa na Wayahudi na watu wa mataifa. Wengine walikula kila kitu, wengine mboga tu. Wengine walitukuza siku fulani, wengine waliona siku zote ni sawa. Kuhusu chakula, Paulo mwenyewe alikuwa na msimamo wake, na hakuuficha. Lakini hakuwaamuru wenye kusitasita wajirekebishe kwanza ndipo wapokelewe. Aliwaonya wote wasimhukumu mtumishi wa mtu mwingine, maana yuko bwana wake atakayemsimamisha. Na mzigo wa kuvumilia aliwapa wenye nguvu.

Hapo ndipo neno lilipotuchoma. Kwenye kitongoji chetu, wenye nguvu tulikuwa sisi. Tulikuwa wengi, na kamati ilikuwa yetu. Mzee hakutulazimisha kuitunza Sabato. Ni sisi tuliotaka aivunje ili aonekane jirani mwema.

Wapo kati yetu waliouliza swali la haki: je, kupokeana ni kusema mafundisho yote ni sawa? Hapana. Paulo huyohuyo, alipowaandikia Wagalatia, alikataa kabisa watu wa mataifa watahiriwe kama sharti la kuhesabiwa haki. Pale wokovu ulikuwa unafungiwa mlango. Kwetu hakuna aliyefunga mlango huo. Mzee alikuwa akimheshimu Bwana wake kwa kupumzika, nasi tulikuwa tukitetea ratiba yetu kana kwamba ni Injili.

Tulilirudisha debe, watu watano, kila mmoja na hotuba yake mfukoni. Hazikuhitajika. Mke wake alitukaribisha chai ya maziwa. Tulikiri kosa letu, tukamwomba msamaha. Mzee alitusamehe, tukaomba pamoja. Baada ya amina akatazama huku na huku, akasema, "Ila, wanangu, Sabato ni Jumamosi." Mzee wetu wa kanisa naye akamjibu, "Na Bwana alifufuka Jumapili." Tukacheka wote. Hakuna aliyehama upande wake, na chai ilinyweka hadi birika likaisha.

Siku ya kazi sasa ni Jumatano. Mtaro ulifika, maji yanatoka.

Tumejifunza kwamba siku ya tope haikuwa kipimo cha upendo wetu. Msiba ukiwa mkubwa, hakuna nafasi ya kuhukumiana. Kipimo ni siku ya kawaida, tunapokuwa wengi na mwenzetu yuko peke yake, naye anaomba jambo dogo ambalo sisi hatuoni maana yake. Kristo hakutungoja tuelewe yote ndipo atupokee. Angefanya hivyo, tungekuwa bado nje.

Ndugu msomaji, angalia nyumbani mwako. Huenda lipo debe la mtu ambalo hujalirudisha.