Bibi, Simu na Mto Ruvubu

Ndugu msomaji, nicheke kwanza, halafu unisikilize. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, nabangaiza maisha Biharamulo mjini. Desemba iliyopita nilikwenda kijijini kwa bibi, simu mfukoni, kichwani najiona profesa.

Kwenye simu nilikuwa na Whisper, programu waliyoitoa OpenAI wa Marekani mwaka 2022. Ile ndogo kabisa, faili la megabaiti 75 hivi, nimelishusha kwa bando la mshikaji. Ukishaliweka, intaneti huihitaji tena. Inakata sauti vipande vya sekunde 30, inakisia maneno, inaandika. Kwa bibi mtandao mpaka upande kichuguu, kwa hiyo ilinifaa.

"Mume wangu, hicho kidude kinanisikia?"

"Kinakusikia, bibi."

Akaanza. Aprili 28, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakajaa Benaco. Hayo hata vitabuni yamo. Bibi alisimulia mama mmoja aliyeomba maji, na sufuria aliyomwachia. Alianza kwa Kiswahili. Alipofika kwa yule mama akahamia Kihangaza, maana mengine hayasemeki kwa lugha ya ofisini.

Nami, aibu yangu, sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama maneno yanavyojipanga kwenye kioo. Simu ikasema imejaa. Nikafuta sauti, nikabakiza maandishi. Si yameshaandikwa?

Niliporudi Biharamulo nikafungua. Kasheshe! Sehemu ya Kiswahili inasomeka, japo kwa kuchechemea. Kihangaza programu haijafundishwa, lakini wala haikunyamaza. Iliendelea kukisia Kiswahili tu. Pale bibi alipotaja mto Ruvubu imeandika "rafiki bubu". Yule mama hayumo kabisa. Mahali pake pana "asante sana", mistari sita, imejipanga vizuri kama wanafunzi mstarini. Ingeacha pengo, yaani nafasi tupu tu, ningejua pana kitu.

Jumapili nikarudi na daftari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kidude kimesahau?"

"Nimesahau mimi, bibi. Yule mama wa maji."

Alinitazama kidogo. Akaingia jikoni, akatoka na sufuria iliyotoboka kitako, akaiweka juu ya daftari langu.