Ijumaa ya Bibi

Nyumbani kwa Bibi, huko Upare, Ijumaa tuliamshwa mapema kuliko siku za shule. Ndoo na mitungi yote ilijazwa maji. Kuni zilipasuliwa za siku mbili, makande yakabandikwa asubuhi, pasi ya mkaa ikapita juu ya mashati yetu na gauni lake jeupe la ushemasi, na ng'ombe akakatiwa majani ya leo na ya kesho. Ikifika saa kumi na moja jioni Bibi alikuwa akitoka uani kila mara kulitazama jua, kama abiria anayechungulia basi la mwisho. Sisi ni Waadventista Wasabato, na Sabato kwetu huingia jua linapozama Ijumaa. Likishazama hakuna tena kupasua wala kupiga pasi. Kauli yake ilikuwa moja: "Jua lisiwakute na jembe mkononi."

Kuni na maji vilikuwa sehemu nyepesi. Nilitumwa pia kurudisha vya watu: kikombe cha sukari tulichokopa Jumatatu, ungo wa jirani, shilingi chache za mafuta ya taa dukani. Na zilikuwapo Ijumaa ambazo Bibi hakunituma. Alijitanda kanga, akachukua fimbo yake, akashika njia mwenyewe bila kuaga. Hapo nilijua amekwenda kuomba radhi. Alikuwa na ulimi mkali, Mungu amrehemu, na kati ya Jumapili na Alhamisi aliweza kugombana na nusu ya kitongoji, hasa kuhusu maji. Alirudi akiwa amenuna, akaosha miguu, akafungua Biblia. Sikuwahi kumwona akifurahia safari hizo. Alizifanya tu, kama alivyojaza ndoo.

Asiyekulia Upare huenda haijui ndiva. Ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee walilijenga mlimani kukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, na maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani, kwa zamu. Kila mwenye shamba ana siku yake, na kila mmoja hutakiwa kuonekana kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba nyufa. Siku ya zamu yako unaijua, saa huijui. Mfereji ukiwa umetobolewa na panya huko juu, au mtu akiwa amekula zamu yako kimyakimya, maji huchelewa mpaka ukate tamaa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, yanafika kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo unachimba vijia vyako mapema, kati ya tuta na tuta, kisha unakaa. Kusinzia si kosa. Lakini ukisinzia na vijia hujachimba, maji yatapita mbele ya macho yako kwenda kwa jirani, na hakuna awezaye kuyarudisha mlimani.

Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba katika ule mfano wa wanawali kumi, kwenye Mathayo 25, wote kumi walisinzia. Nilikuwa nimeusikia makanisani mara nyingi mno, na kila mara nilidhani wapumbavu ndio waliolala na wenye busara wakakesha. Sivyo. Bwana arusi alikawia, na wote wakalala. Tofauti yao ilikuwa mafuta ya taa zao, yaani kazi iliyokwisha kufanyika kabla ya usingizi. Bibi hakunifafanulia hivyo hata siku moja, lakini mtu aliyewahi kungoja maji ya ndiva hahitaji kufafanuliwa sana.

Kabla ya kufika hapo nilingoja kurudi kwa Yesu kwa hofu. Nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane nilipowasikia wakubwa kwenye makambi, ile mikutano ya kanisa letu, wakisema kwamba atakapokuja, dalili ya kwanza itakuwa wingu dogo upande wa mashariki, ukubwa wake kama kiganja cha mtu. Upare mawingu ya namna hiyo si haba. Nilikuwa nikiwachunga mbuzi kwa jicho moja, jicho la pili liko mashariki. Siku moja nikaliona, dogo, jeusi, linakua. Niliwaacha mbuzi nikakimbia hadi nyumbani nikilia, nikikumbuka sukari niliyoilamba kabatini. Bibi alilitazama lile wingu kwa makini, mkono juu ya nyusi. "Hilo la mvua," akasema. "Kaanue maharage."

Hofu hiyo haikwisha, ilibadilisha nguo tu. Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha nne. Karibu na stendi alipiga kambi mhubiri mmoja kijana, mwenye spika mbili na chati kubwa iliyochorwa wanyama wa Danieli na Ufunuo. Hakuwa wa kanisa letu. Alipiga hesabu ubaoni na jibu likawa kwamba dunia haitavuka mwaka. Redioni nako walikuwa wakizungumzia kompyuta zitakazochanganyikiwa tarehe zikigeuka kuwa 2000, basi kila kitu kikaonekana kuafikiana. Nikajiuliza logarithimu zitamfaa nini mtu anayekaribia kunyakuliwa. Nikaacha kusoma. Nilijiambia kuwa si uvivu, na kweli nilifunga na kuomba kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Lakini nikikumbuka vizuri, kulikuwa na raha fulani katika kugawa madaftari yangu ya hisabati kwa vijana wa kidato cha tatu. Anayeamini kuwa kesho haipo husamehewa mengi ya leo. Mtihani niliufanya ili nionekane nimeufanya.

Tarehe 31 Desemba mwaka huo iliangukia Ijumaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mkesha. Bibi alikuwa akijiandaa kwa Sabato. Akanipa panga nikamkatie ng'ombe majani, ya leo na ya kesho.

"Bibi, hata leo?"

"Kwani leo si Ijumaa?"

Nikamweleza habari za chati na hesabu, nikamuuliza majani ya kesho ni ya nini ikiwa Bwana anakuja usiku huu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Mume wangu," akasema, maana bibi wa kwetu humtania mjukuu hivyo, "akija atamkuta ng'ombe ameshiba. Nenda kabla jua halijashuka."

Nilikata majani kwa hasira. Usiku nilikesha na wengine, tukilia na kuungama, na saa sita ilipopita baadhi yetu walisema labda ni saa sita ya Yerusalemu. Kukakucha. Ng'ombe alikuwa akilia bandani. Nilimpelekea majani niliyoyakata mwenyewe, akala. Miezi michache baadaye matokeo yakatoka, daraja la nne, hisabati F, na hapakuwa na chati ya kulifafanua hilo.

Nilipokuja kuisoma vizuri historia ya kanisa letu nikaona kwamba kisa changu kilikuwa kizee kuliko mimi. William Miller, mkulima wa jimbo la New York aliyewahi kuwa askari, alisoma Danieli akapiga hesabu na kutangaza kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. Muda ulipopita wafuasi wake wakashika tarehe moja: 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao yao bila kuyavuna. Usiku ukapita, na mmoja wao, Hiram Edson, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka alfajiri. Wengi walitawanyika. Wachache waliobaki, baada ya kuvutana na Maandiko kwa miaka, ndio waliounda kanisa rasmi mwaka 1863, wakiwa wamejifunza kwa machozi kutopanga tena tarehe.

Halafu kuna jambo ambalo hunigusa kuliko lile la 1844. Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika Upare Kusini. Hawa walikuwa watu walioamini kwa moyo wote kwamba Bwana yu karibu mno. Wakafungua shule. Mmoja wa wamisionari wa misheni hiyo, Ernst Kotz, akajifunza Chasu, lugha ya bibi yangu, kwa uangalifu wa ajabu, na mwaka 1909 kitabu chake cha sarufi ya Chasu kikachapwa Berlin. Sarufi! Nani huketi kuchambua ngeli na nyakati za vitenzi vya lugha ya mlimani ikiwa dunia inafungwa kesho? Nimelifikiria hilo mara nyingi, hasa nikikumbuka madaftari niliyoyagawa. Imani yetu ilikuwa moja. Mimi ilinifanya niache kazi ya miaka minne. Yeye ilimfanya aanze kazi ambayo haikuwa na haraka hata kidogo.

Ugonjwa wangu huo wa kuacha kazi si wa Marekani peke yake, wala wa jana. Paulo aliwakuta nao Wathesalonike, katika barua ambazo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuandikwa katika Agano Jipya: watu waliosikia kwamba siku ya Bwana imewadia wakaacha kazi, wakawa wanajishughulisha na mambo ya wenzao. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Lakini kukaa bila kazi ni ubaya mdogo. Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walikuwa wametabiri kwamba dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Waumini waliuza mali zao. Mwaka uligeuka, watu wakaanza kuuliza maswali, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Walionusurika walisimulia jinsi watu walivyoambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Habari za Kanungu zilitufikia wakati matokeo yangu bado ni kidonda kibichi. Watu walisema, wajinga hao. Mimi nilinyamaza. Nilijua kwamba kama yule kijana wa spika mbili angetuambia tuuze ng'ombe, ningeitafuta kamba.

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho nadhani kinabeba fundisho lote hili: kukutwa. Mwizi hukutwa. Mume mzinzi hukutwa. Na mtumwa yule wa Mathayo 24, anayewagawia wenzake chakula kwa wakati wake, naye bwana wake akirudi humkuta. Kitenzi ni kilekile. Tangu utotoni mimi nilikisikia kwa sikio la mwizi wa sukari, nikadhani kurudi kwa Kristo ni fumanizi. Kumbe mtu anaweza kukutwa akigawa ugali.

Sasa mimi ni mwalimu wa hisabati, jambo linalowachekesha wote wanaonifahamu tangu zamani. Nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiazima madaftari yaleyale kwa watu niliowapa. Na kazi yetu hii ina neno lake la kidini bila kukusudia: andalio la somo. Mwalimu anatakiwa aliandike kabla ya kuingia darasani. Ukweli ni kwamba zikivuma habari kuwa wathibiti ubora wanakuja, ofisi ya walimu hugeuka kanisa la mkesha: maandalio ya muhula mzima yanaandikwa usiku mmoja, kwa kalamu za rangi tofauti ili yaonekane ya siku tofauti. Nimefanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Mthibiti hupita, husaini, huondoka ameridhika. Wanafunzi ndio wanaojua.

Ni wao wanaonifanya niogope fumanizi la aina nyingine. Tarehe siiogopi tena. Ninachokiogopa ni kwamba nimekuwa hodari wa maandalio ya usiku mmoja: toba ya Desemba, sadaka ya makambi, simu kwa ndugu niliyemkosea pale tu ninaposikia amelazwa. Nikilinganisha na zile safari za Bibi za Ijumaa, za kununa na fimbo, naona haya. Yeye aliomba radhi kwa ratiba. Zamani niliona hilo ni upungufu wa moyo. Siku hizi nasubiri moyo wangu uwe tayari, na juma linapita, na lingine.

Bibi alifariki Jumanne, wakati wa kiangazi, baada ya kunywa uji. Tulipokuwa tukimtayarisha, shangazi alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake akakuta noti ya shilingi elfu mbili. Jirani, yuleyule waliyegombana naye juu ya maji zaidi ya wengine, akasema ni yake, ya mafuta. Bibi alikuwa amemwambia atamletea Ijumaa. Watu walimtazama jirani kwa shaka. Mimi sikuwa na shaka. Ijumaa, kabla jua halijazama, nilimpelekea.

Alhamisi ya juma lililofuata ilikuwa zamu ya Bibi ya maji. Nilishuka shambani gizani, nikiwa na tochi na jembe, nikidhani nina kazi ya asubuhi nzima. Nikakuta amekwisha kuchimba vijia hadi katikati ya shamba, vimenyooka, udongo wake umekauka kingoni. Nikaanzia pale alipoishia. Maji yalikuwa bado hayajafika.